Poromoko la Theluji na Mteremko wa Nyumbani

Katika nyanda za juu za Tarime mvua ya mawe si mgeni. Alasiri, upepo wenye unyevu utokao Ziwa Viktoria hukutana juu ya vilima na upepo wa mashariki, hewa hupanda kwa nguvu, wingu hujijenga kama mnara, na kabla ya jua kuchwa bati hulia. Miaka michache iliyopita nilikuwa nyumbani likizoni wakati mvua ya namna hiyo ilipotushukia kwa muda wa nusu saa hivi. Ilipokoma, ua mzima ulikuwa mweupe, na migomba imechanika majani kama nguo kuukuu.

Tulitoka nje kutazama hasara. Watoto walikuwa wamekwisha anza kuokota mawe na kuyatia kinywani. Ghafla ukasikika mkwaruzo mrefu, na barafu yote iliyokuwa juu ya paa la jiko ikashuka kwa mara moja, ikavunja uzio wa ndama na kufukia ndoo mbili zilizokuwa zikikinga maji. Nyumba ya pili, iliyoezekwa kwa nyasi, haikufanya hivyo. Ilidondosha mawe yake kidogo kidogo mpaka magharibi.

Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa akijiandaa kwenda Moshi kutafuta kazi ya upagazi katika Mlima Kilimanjaro, aliniuliza: "Mjomba, kumbe theluji ndiyo hii? Na huko mlimani huwaangukia watu hivi?" Nilimjibu kwa ufupi, maana tulikuwa na ndama wa kutafuta. Makala haya ndiyo jibu kamili, na ninaliandika pia kwa ajili ya vijana wengine wa Tarime na Serengeti ambao hawajapata kuiona theluji ila huenda siku moja wakaikanyaga, pamoja na wale ambao hawataikanyaga kamwe lakini hupita kila siku chini ya mteremko wa udongo.

Jibu la swali la kwanza ni hapana. Jiwe la mvua si theluji. Jiwe huzaliwa ndani ya wingu la radi, mahali ambapo matone ya maji yamepoa chini ya sifuri lakini bado hayajaganda. Punje ya barafu ikiyagusa, matone hayo huganda juu yake. Upepo upandao ndani ya wingu huishikilia punje hiyo hewani, nayo huendelea kunenepa mpaka upepo ushindwe kuibeba. Theluji, kwa upande wake, haipitii hali ya utone. Mvuke wa maji hugeuka moja kwa moja kuwa fuwele nyembamba, aghalabu yenye mikono sita, nayo hushuka polepole kama unyoya. Kwa sababu hiyo theluji mpya ni nyepesi mno: mita moja ya ujazo yaweza kuwa na uzito wa kilo 100 tu, ilhali maji ya ujazo huo yana kilo 1,000. Hata hivyo macho hudanganyika kwa urahisi. Mwezi Septemba 2008, karibu na Nyahururu nchini Kenya, mvua ya mawe ilirundika barafu nyingi juu ya mteremko hata wakazi wakaamini kwamba theluji imewafikia, mpaka wataalamu wa hali ya hewa walipoeleza kuwa ni mawe ya mvua yaliyoshikana.

Ama kuhusu swali la pili, paa la jiko lilikuwa limekwisha litolea jibu.

Chukua pishi ya ulezi, uimimine polepole juu ya mkeka. Utapata chungu chenye ubavu wa mteremko fulani. Ukiongeza ulezi, chungu hakizidi kuwa kikali. Punje za juu huteleza pembeni, na ubavu hurudi kwenye pembe ile ile. Punje haishikwi na kitu ila msuguano baina yake na jirani zake. Theluji mpya iliyo kavu, isiyoshikana, hufanya vivyo hivyo: punje chache huanza kuteleza mahali pamoja, nazo huchukua nyingine chini yake, na poromoko hupanuka kadiri linavyoshuka. Maporomoko ya namna hii kwa kawaida ni madogo. Msafiri aweza kuangushwa nayo, na ikiwa chini yake kuna genge, aweza kufa; lakini siyo yanayoua watu wengi.

Muuaji ni yule wa bati. Barafu ya paa letu haikuanza kuteleza punje moja moja. Ilikuwa imeshikana, imekuwa bamba moja. Chini yake palikuwa na bati laini, na kati ya bamba na bati palikuwa na utando mwembamba wa maji yaliyotokana na kuyeyuka. Vitu vitatu, basi: bamba lililoshikana, kitanda cha kutelezea, na tabaka dhaifu katikati. Ongeza mteremko, na kilichobaki ni kusubiri. Paa lile ni la mita sita kwa nne tu, na mawe yalikuwa na unene wa kama sentimita tano. Lakini ukipiga hesabu utaona kwamba kilichoshuka hakikupungua kilo 500. Nyasi za ile nyumba ya pili zilikuwa na mwinuko mkali kuliko bati, lakini uso wake una vishikizo elfu, wala hauna kitanda.

Mlimani, katika nchi zenye majira ya baridi, theluji ya Desemba haiondoki mpaka Aprili au Mei. Kila dhoruba huweka tabaka lake juu ya la kabla, kama mtu atandikaye mikeka. Tabaka moja ni gumu kwa sababu upepo umeliponda na kulipakia. Jingine ni laini. Jingine liliyeyuka juu siku ya jua likaganda usiku, likawa kioo. Na ndani ya rundo hilo kuna kazi inayoendelea ambayo mpita njia haioni. Ardhi iliyofunikwa hubaki na joto la karibu na sifuri, ilhali hewa ya juu yaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Mvuke hupanda kutoka chini kwenye joto kwenda juu kwenye baridi, nao unapopita huzila fuwele ndogo zilizokamatana na kujenga kubwa zenye pembe, zisizoshikana, mfano wa sukari ya chenga. Ukiziteka kiganjani hutiririka baina ya vidole. Sasa fikiri nusu mita ya theluji ngumu imelala juu ya sukari hiyo, juu ya mteremko. Yaonekana imara, tena hubeba mguu bila kudidimia. Ni meza iliyowekwa juu ya gololi.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Uswisi, nilifuatana na wenzangu siku moja ya Februari kwenda kuchimba mashimo ya kupimia matabaka. Tulikuwa tukitembea mahali penye mwinuko mdogo nikasikia chini ya miguu sauti nzito, "vuum", kama gunia la mahindi lililoangushwa ghalani, na uso wote wa theluji ukashuka kwa kiasi cha ukucha. Mimi nilidhani ni mchezo wa masikio. Mwalimu wetu alisimama pale pale, akatuamuru turudi kwa kufuata nyayo zetu wenyewe, mmoja mmoja. Sauti ile ilikuwa ni tabaka dhaifu linavunjika. Mahali pale palikuwa karibu tambarare, ndiyo maana bamba halikuwa na pa kwenda. Lingekuwa juu ya mteremko wa nyuzi 38, nisingekuwa nikiandika haya.

Pembe hiyo sikuitaja ovyo. Chini ya nyuzi 25 uvutano hauna nguvu ya kutosha kulivuta bamba. Juu ya nyuzi 50 au 55 theluji haikai, huteleza kila inyeshapo. Baina ya nyuzi 30 na 45 ndipo inapokaa kwa wingi na kuondoka kwa wingi, na maporomoko mengi ya mabamba huanzia karibu na nyuzi 38. Kwa bahati mbaya ndiyo mwinuko ambao mtu mwenye miguu mizuri huupenda. Mchungaji wa kwetu aweza kuupima kwa fimbo mbili zenye urefu sawa. Weka ncha ya fimbo ya kwanza igusane na mteremko, fimbo yenyewe ikiwa imelala sawasawa hewani kuelekea bondeni. Kisha teremsha fimbo ya pili wima kutoka ncha iliyo huru. Ikigusa ardhi kwa urefu wake wote, mteremko ni nyuzi 45. Ikigusa kwa nusu yake, ni nyuzi 27. Ikigusa kwa sehemu sita katika kumi, umekwisha ingia katika eneo la hatari; kwa sehemu nane katika kumi, umefika kwenye kiini chake.

Wengi hudhani kwamba poromoko huanguka lenyewe, na mtu huwa na mkosi wa kupita wakati huo. Kumbukumbu za nchi za theluji zaonyesha kinyume. Katika ajali zinazoua wasafiri wa milimani, takriban tisa katika kila kumi bamba limevunjwa na aliyefukiwa au na mtu wa kundi lake. Uzito wa mtu mmoja watosha kuvunja tabaka dhaifu mahali pamoja, na ufa hukimbia chini ya theluji kwa kasi kuliko macho, pengine ukafungua mteremko ulio mita mia juu yake. Bamba la mita 50 kwa 50, lenye unene wa nusu mita, lenye kilo 200 kwa kila mita ya ujazo, lina uzito wa tani 250. Ni mzigo wa malori 25 ya tani kumi, unaoshuka kwa kasi iwezayo kupita kilomita 100 kwa saa.

Likisimama, hugeuka kuwa kama zege. Aliyefukiwa hawezi hata kuinua kidole. Hewa iliyo mbele ya pua yake ndiyo akiba yake yote, na pumzi yake mwenyewe huiziba kwa barafu. Akitolewa katika dakika kumi za kwanza, aghalabu hutoka hai, ikiwa hakuumizwa na miti au mawe. Ipitapo nusu saa, walio wengi wamekwisha kufa. Kwa hiyo msaada wa kutoka bondeni huchelewa karibu kila mara, na waokoaji wa kweli ni wenzake aliokuwa nao. Ndiyo maana katika nchi hizo kila msafiri hubeba vitu vitatu: kiredio kidogo kinachotoa na kupokea mawimbi ili wenzake wamtafute, ufito mrefu wa kuchomea, na sepetu. Kimoja kikikosekana, viwili havifai kitu.

Wenyeji wa milima ya Alpi hawakuyajua haya kwa vyombo tu. Kijiji cha Andermatt, katika Uswisi, kiliandika mwaka 1397 marufuku ya kukata mti hata mmoja katika msitu ulio juu ya nyumba zao, kwa kuwa walikwisha kuona kwamba mashina huishikilia theluji isianze safari. Msitu huo upo hadi leo. Lakini msitu hauzuii kila kitu: katika majira ya baridi ya 1950 na 1951, theluji nyingi mno ilipoanguka kwa siku chache, watu zaidi ya 260 walikufa katika milima hiyo, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao. Tangu hapo taarifa za hatari ya maporomoko zikatiliwa mkazo kuliko kabla. Siku hizi hutolewa kila siku ya majira ya baridi kwa ngazi tano. Jambo moja katika ngazi hizo hunishangaza hadi sasa. Vifo vingi havitokei kwenye ngazi ya tano, ambapo kila mtu hujifungia, bali kwenye ya tatu, ambapo hatari ipo lakini mteremko bado wavutia.

Mlima wetu

Je, mpwa wangu atayakuta haya Kilimanjaro? Kwa sehemu kubwa, hapana, na sababu zake zafaa kufahamika.

Kadiri mtu apandavyo, hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000. Mji wa Tarime uko kwenye kimo cha kama mita 1,500. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Tofauti hiyo yatosha kushusha joto kwa karibu nyuzi 28, na kweli wastani wa joto kileleni ni kama nyuzi saba chini ya sifuri. Lakini sisi tuko karibu na ikweta, hatuna majira ya baridi ya miezi mitano. Usiku kila kitu huganda. Mchana jua husimama karibu utosini na kuipiga theluji kwa ukali mkubwa. Theluji iangukayo Kibo wakati wa masika au wa vuli mara nyingi haidumu wiki nyingi. Sehemu yake huyeyuka, na sehemu nyingine hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji, maana hewa ya juu ni kavu. Matabaka hayapati muda wa kurundikana wala "sukari" kukomaa chini yake. Zaidi ya hayo, juu ya Kibo ni pana na tambarare kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo poromoko kubwa la bamba si tishio la kila siku la Kilimanjaro, ingawa baada ya dhoruba nzito miteremko mikali iliyo nje ya njia za kawaida haifai kuaminiwa na mtu yeyote.

Tishio la Kilimanjaro ni lingine, na huanzia kwenye barafu ile ile. Katika kuta zenye mwinuko mkali, barafu ni saruji inayoshika mawe. Mwaka 1912 barafu ya mlima huu ilifunika eneo la takriban kilomita za mraba 12; kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya mbili. Saruji inapoondoka, mawe hubaki yamekaa kwa mazoea tu. Tarehe 4 Januari 2006, katika njia ya magharibi ipandayo kwenye pengo la ukingo wa Kibo, mawe yaliporomoka na kuwaua wapandaji watatu Wamarekani. Njia hiyo ikafungwa kwa muda, kisha ikafunguliwa tena. Mtu yeyote atakayepanda hapo ajue kwamba usiku wa manane baridi hushika mawe, na jua likisha kupiga ukuta, mshiko hulegea. Wakati wa kupita ni alfajiri, upesi, kofia ngumu kichwani, na kamwe si mahali pa kupumzikia wala pa kunywea chai.

Hapa kuna mkanganyiko ambao mpagazi hana budi kuufahamu. Saa ile ile ya alfajiri iliyo salama kwa mawe ndiyo saa ambayo theluji iliyoyeyuka jana imekuwa kioo. Mtu huteleza juu yake kama juu ya bati, na akisha kuanza hawezi kujizuia. Dawa yake ni njumu za chuma zinazofungwa chini ya viatu, pamoja na fimbo yenye ncha. Mgeni aliyelipa pesa nyingi huja navyo begini. Mpagazi aliyebeba begi hilo mara nyingi amevaa viatu vya mtumba vilivyolika nyayo. Mimi nalisema hili waziwazi: theluji ya Kilimanjaro haina upendeleo, lakini sisi tunaopanga safari tunao. Baridi, viatu vibovu, nguo mbichi na kukosa miwani ya kukinga macho na mwako wa theluji vyaweza kumwangusha kijana mwenye nguvu bila poromoko lolote.

Ruwenzori ni hadithi tofauti kidogo. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, hewa yake ni nyevu karibu mwaka mzima, na theluji yake ni nzito, yenye maji. Huko hofu kubwa ni mianya ya barafu iliyofunikwa na theluji mpya, ambayo msafiri huikanyaga akidhani ni ardhi. Kwa hiyo watu hufungana kwa kamba.

Asije mtu akahitimisha, hata hivyo, kwamba nchi za joto zimesalimika. Mlima Huascarán wa Peru uko nyuzi tisa tu kusini mwa ikweta, umbali unaokaribia ule wa Mbeya. Tarehe 10 Januari 1962 sehemu ya barafu yake ilimeguka na kuua watu wapatao 4,000 bondeni. Tarehe 31 Mei 1970 tetemeko la ardhi liliutikisa tena. Barafu na miamba vikashuka pamoja na kuufukia mji wa Yungay kwa dakika chache. Miongoni mwa wachache waliopona ni waliokimbilia kilima cha makaburi, kwa kuwa kilikuwa kimeinuka juu ya njia ya poromoko.

Mteremko wa udongo

Narudi sasa Tarime, maana sheria ya bamba, kitanda na tabaka dhaifu haijui kama kitu kilicho juu ni cheupe au chekundu.

Mtu hupenda kusema kwamba maji hulainisha udongo kama mafuta. Si hivyo hasa. Chembe za udongo hushikana kwa sababu uzito wa juu huzikandamiza. Maji yakijaa katika nafasi zilizo baina yake, huanza kubeba sehemu ya uzito huo. Chembe hukandamizana kidogo, na msuguano hupungua ingawa mzigo umeongezeka. Mwamba mgumu ulio chini ya udongo huyazuia maji yasipite, nayo hukusanyika hapo hapo, kwenye mpaka. Hilo ndilo tabaka dhaifu letu. Tofauti kubwa na theluji ni wakati: theluji hungoja mguu wa mtu, udongo hungoja mvua. Ndiyo maana poromoko la udongo laweza kuja siku ya tatu au ya nne ya mvua mfululizo, na mara nyingine baada ya mvua kupungua, watu wakiwa wamekwisha tulia.

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, katika Mlima Hanang mkoani Manyara, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu iliyokuwa imenyonya maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilifuata mikondo ya maji mpaka Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Tarehe 1 Machi 2010, katika wilaya ya Bududa upande wa Uganda wa Mlima Elgon, kijiji cha Nametsi kilifukiwa pamoja na soko na zahanati yake, na idadi ya waliopotea ilihesabiwa kwa mamia. Mahali pote pawili watu wengi hawakuwa juu ya mteremko. Walikuwa chini yake, kwenye njia ambayo maji yamezoea kupita.

Wilaya ya Serengeti, kwa jinsi inavyoshuka kuelekea mbugani, haina miteremko mingi ya namna hii ila kwenye vilima na kingo za mito. Tarime inayo, hasa pale nyanda za juu zinapokatika kuelekea bonde la Mto Mara. Huko watu wamelima mpaka kwenye mabega ya vilima, na barabara nyingi zimekata mguu wa mteremko, yaani zimeondoa kile kilichokuwa kikiushikilia. Anayetembea huko wakati wa masika, au anayeswaga ng'ombe kwenda mnadani, aangalie ufa mpya uliojipinda kama mundu upande wa juu wa shamba. Miti au nguzo zilizoanza kuinama pamoja. Chemchemi iliyotoka mahali ambapo haikuwapo. Mlango wa nyumba uliokataa kufunga ghafla. Na kubwa kuliko zote: kijito kikipungua wakati mvua ingali inanyesha, maana yake kimezibwa huko juu, na kitakapofunguka kitashuka na kilima. Hapo usiende kutazama. Panda pembeni, ondoka kwenye mkondo, wala usikimbie kufuata bonde.

Kuna mteremko mwingine ambao hautokani na Mungu wala mvua. Katika eneo la Nyamongo, na popote panapochimbwa dhahabu, mawe ya kutupwa humwagwa yakawa vilima. Lundo la mawe yaliyomwagwa husimama kwenye pembe yake ya kikomo kama kifanyavyo chungu cha ulezi, ila kwa mawe pembe hiyo ni kama nyuzi 37 hivi. Yaani tangu siku ya kwanza limekaa kwenye kikomo chake, halina akiba. Anayechokonoa chini yake kutafuta jiwe lenye dhahabu anauondoa mguu wa lundo kwa mkono wake mwenyewe. Nimewasikia vijana wakisema lundo fulani ni salama kwa kuwa limekaa miaka mingi. Theluji ya Uswisi nayo ilikuwa imekaa wiki sita kabla sijaikanyaga.

Mpwa wangu alikwenda Moshi na akapata kazi. Barua yake ya kwanza, aliyoituma kwa simu kama wafanyavyo vijana wa sasa, ilikuwa na maswali mawili: njumu za mtumba hupatikana kwa bei gani, na kama ni kweli kwamba kiongozi wa msafara anaweza kukataliwa akiamuru watu wapumzike chini ya ukuta wa mawe saa nne asubuhi. La kwanza nilimwachia aulize sokoni Moshi. La pili nilimjibu kwamba akatae kwa heshima, atembee mpaka nje ya kivuli cha ukuta, na hapo ndipo atue mzigo.